Malkia Aliyembatiza Mwanawe

Mfalme Torgils hakuwa na kwake. Wafalme wa pande zile ndivyo walivyokuwa. Nchi imechanwachanwa na bahari, milima imesimama kama ukuta, na shamba moja, hata liwe la tajiri, halimudu kulisha kundi la mfalme likakaa. Kwa hiyo alihama. Akimaliza kondoo na pombe ya bwana huyu, anafunga mizigo kwenda kummalizia bwana yule, na mwaka ukizunguka anarudi pale alipoanzia. Wenye mashamba walimpokea kwa nyimbo na kumsindikiza kwa nyimbo, na zile za kumsindikiza ndizo zilizotoka moyoni.

Nyuma yake alivutwa Malkia Bogna, kwenye gari la pili, kati ya mapipa na mbwa.

Bogna alikuwa mtu wa kuja. Aliletwa kutoka nchi ya Wawendi, ng'ambo ya bahari, ili baba yake na Torgils waache kuchomeana vijiji. Alishuka pwani na wasichana wake, na kabla harusi haijapoa mama yake mfalme akawapandisha wote merikebuni warudi kwao. "Mke mwenye wa kusemezana naye kwa lugha yao," alisema yule bibi, "huyo bado hajaolewa." Bibi mwenyewe amekwisha kufa, Mungu amrehemu, lakini neno lake liliendelea kufanya kazi. Bogna alijifunza lugha ya mumewe akaisema vizuri, na bado kila alipoingia mahali wanawake wanasokota sufu, mazungumzo yalikatika, wakaanza kusifia hali ya hewa. Na hali ya hewa ya kule haina cha kusifiwa.

Torgils hakuwa mtu mbaya. Katika lugha ya Bogna alijua maneno matatu: mkate, njoo, na tusi moja zito ambalo wale wasichana walimfundisha wakimwambia maana yake ni mpenzi. Alilitamka mbele ya wageni, kwa sauti, akimkaribisha mkewe mezani. Bogna alicheka mpaka akashika nguzo. Hakumweleza, na Torgils akaendelea kumwita hivyo wakiwa peke yao, kwa upole kabisa. Ziko ndoa zilizojengwa juu ya msingi mwembamba kuliko huo.

Baridi ya mwaka wa tatu ilimkuta Bogna mzito, na gari la theluji lilimtingisha vibaya. Wakamwacha Leirvang, shamba dogo la mfalme mwisho kabisa wa mkono wa bahari, lenye kanisa la mbao linalonuka lami. Wakamwachia mkunga mmoja, Mama Yrsa, na vijakazi wa maziwa. Mfalme alisema atarudi kabla ya siku zake kutimia. Siku zake hazikumngoja.

Mtoto alikuja mapema, wa kike, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa maji. Padri alikuwa upande wa pili wa maji, na barafu ilikuwa haijawa ngumu ya kukanyagwa wala si laini ya kupigiwa kasia. Sasa, sheria ya kanisa ya nchi ile kila mtu aliijua, hata mchunga mbuzi. Mtoto akiwa anakufa na padri hayupo, yeyote na ambatize: kwa maji, maji yakikosekana kwa theluji, na theluji ikikosekana kwa mate. Yeyote, isipokuwa mzazi wake. Maana anayembatiza mtoto anakuwa mzazi wake mbele ya Mungu, na huyo pamoja na wazazi wa damu wamekuwa ndugu, na ndugu hawalali kitanda kimoja. Mama akimbatiza mwanawe, amemgeuza mumewe kuwa kaka yake. Ndoa imekwisha.

Yrsa alijifuta mikono akainyoosha. "Nipe mtoto. Nipe haraka, mwanangu, anakwenda."

Bogna alimsikia na alimwelewa. Lakini kale katoto kalikuwa kamemlalia kifuani, bado kana joto lake mwenyewe, na wazo likamjia kwamba akikaachia katakufa njiani, kati ya mikono hii na ile, hakana mtu. Upepo ulikuwa umepenyeza theluji kwenye ufa wa ubao kando ya kitanda. Akaichota, ikayeyuka kiganjani, akaimimina juu ya kile kichwa na kusema maneno, nusu kwa Kilatini, nusu kwa lugha ya kwao. Mtoto akapiga chafya. Baada ya hapo hakufanya kitu kingine tena duniani.

"Umefanya nini?" Yrsa aliuliza.

"Nimembatiza."

"Nimeona! Nina macho! Hii mikono yangu ilikuwa na ukoma?" Akaketi chini, akajifuta uso kwa kiwiko. Alipoinua kichwa alikuwa ameshapanga la kufanya. "Haya, nisikilize. Nimebatiza mimi. Umesikia? Wewe ulikuwa umezimia."

"Sikuzimia."

"Ulizimia, nakwambia. Lala hapo uzimie."

Padri alipovuka, Yrsa alimweleza hivyo, na mtoto akazikwa ndani ya uzio wa kanisa, chini ya mchirizi wa paa, ambako hulazwa wachanga ili mvua iliyoosha kanisa iwanyeshee na wao. Mfalme aliporudi alilia, akauliza kama mkewe anakula vizuri, akaingoja afya yake kidogo. Kisha kondoo wa Leirvang wakaisha, wakahama.

Uongo wa Yrsa ulikaa salama kwa muda, kisha ukafumka mahali asipopatarajia mtu. Siku ile mtoto alipozaliwa, kijakazi mmoja alikuwa kwenye dari la majani makavu, amejificha kazi. Alisikia yale ya ukoma. Alinyamaza nayo mpaka harusi fulani yenye pombe nzuri, akayasimulia kama kichekesho, na watu wakacheka. Wasikilizaji wakayapeleka mbele, kicheko kikipungua kila kituo, hadi yakamfikia Askofu Ketil yakiwa mashtaka.

Wakubwa wa mfalme hawakusikitika. Bogna hakuwa ameshika mimba tena, na Jarl, yule bwana mkubwa wa kaskazini, alikuwa na binti, Gunnvor, na merikebu nyingi za vita. Askofu akaagiza shauri likatwe pale Hovstad, mfalme atakapofika huko kiangazi. Yrsa aliitwa akaapa kwamba alibatiza yeye. Lakini kiapo cha maskini peke yake hakitoshi. Alitakiwa abebe chuma cha moto, mkono ufungwe kitambaa, ufunguliwe baada ya siku zake. Ukiwa msafi, alisema kweli.

"Nitakibeba," alisema Yrsa. "Mikono hii imepokea vichwa vya nusu ya nchi. Mungu anaijua."

Mchana wa siku iliyotangulia shauri, Torgils alimkuta mkewe kwenye nyumba ya kufumia. Hakuwa na haja ya kumfukuza mtu, maana Bogna alipoketi kufuma wengine walikumbuka shughuli zao nje. Mfalme akakaa juu ya robota la sufu.

"Wanakuandama kwa sababu huzai," alisema.

"Nilizaa."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo."

Torgils akalichezea lile robota, akinyonyoa nyuzi. "Yrsa ataungua, Bogna. Nimeona wanaume wenye viganja kama kwato wakiungua. Mkono wa mkunga ni siagi tupu. Akiungua ni mwongo, na akiwa mwongo watauliza, je, nani basi alibatiza?"

"Na wewe huniulizi?"

"Mimi siulizi!" Alilisema haraka, kama mtu anayeondoa mkono motoni. "Usiniambie. Mimi nimekuja kukupa la kusema. Sema hakuna aliyebatiza. Mtoto alitoka amekufa, Yrsa akadanganya kwa huruma ili azikwe vizuri. Atatozwa faini, nitamlipia mimi. Hakuna ubatizo, hakuna udugu. Unabaki mke wangu, na wale wazee wamle binti wa Jarl kwa chumvi."

Ilikuwa akili nzuri. Bogna aliigeuza huku na huku asione ufa, ila mmoja.

"Na mtoto?"

Mfalme akaangalia viatu vyake. Wote wawili walijua. Asiyebatizwa halali kwenye udongo uliobarikiwa. Wangemfukua, wampeleke pale bahari inapoishia na nyasi zinapoanza, wanapozikwa wezi na maiti za baharini zisizo na jina, na dhoruba ikitaka inawachukua.

"Ni mifupa ya ndege tu ile," alisema Torgils. "Yeye amekwisha kufa. Sisi tuko hai. Mimi niko hai, Bogna." Akamwita kwa lile tusi lake, taratibu.

Siku nyingine angecheka. Alimwegemea begani, penye harufu ya farasi na moshi, akakaa hivyo muda mrefu. Katika nchi nzima ile hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kumgusa bila sababu.

"Utasema?" mfalme aliuliza.

"Kesho nitasema."

Naye akaondoka ameridhika, akipiga mluzi. Wanaume wakishatoa shauri zuri hudhani limekwisha kukubaliwa.

Kanisa la Hovstad lilijaa mpaka mlangoni. Karibu na mlango waliweka jiko la makaa, na chuma kilikuwa ndani, kimeanza kuwa na rangi ya jua linalotua. Yrsa alisimama mbele yake amekunja mkono wa gauni, kiganja kimeoshwa kikasuguliwa hadi kikawa chekundu. Alikuwa amekikamata kwa mkono wa pili kama mtu aliyekamata kuku.

Askofu Ketil, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyoisha, alifuta pua. "Malkia, una neno kabla hatujamtoa mwanamke huyu kwa hukumu ya Mungu?"

Yrsa alimtazama Bogna na kutikisa kichwa kidogo. Alikuwa anamwambia azimie tena. Kule mbele Torgils naye alikuwa akimwangalia, ameegemea upanga wake, akimpa moyo kwa nyusi.

"Ninalo, Baba Askofu. Mtoto alibatizwa."

"Na mkunga huyu?"

"Na mimi. Huyu alinyoosha mikono, nikamnyima. Theluji niliichota mwenyewe, maneno niliyasema mwenyewe. Kama Kilatini nilikivuruga, lawama ni yangu, lakini Baba na Mwana na Roho Mtakatifu niliwataja wote."

Askofu akafuta pua tena.

"Ulikuwa na fahamu zako?"

"Zote."

"Na sheria uliijua?"

"Kama unavyoijua wewe."

Nyuma kabisa, penye wakubwa, mtu akasema kwa sauti ya chini isiyokuwa chini, "Lo! Kumbe mfalme wetu muda wote analala na dada yake!" Kicheko kikatoka puani mwa watu.

Torgils aliinuka. "Nani huyo? Asimame nimwone meno." Hakusimama mtu. Mfalme akageuka kwa mkewe, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshikilia mlango kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake akapita bila kuingia.

"Alipewa jina?" Askofu aliuliza.

"Dobka. La mama yake mama yangu."

"Dobka," mfalme alisema. Alilisema vibaya. "Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza, bwana wangu."

Askofu akakata shauri papo hapo, maana halikuwa na ugumu tena. Ubatizo ni halali. Mtoto ataendelea kulala alipolala. Yrsa, kwa kiapo cha uongo, atafunga kwa mkate na maji mpaka Krismasi. Na ndoa haipo tena, ila udugu mtakatifu. Wawili hawa wasilale chini ya paa moja maisha yao yote. Akawasimamisha mbele ya altare washikane mikono, waitane kwa jina lao jipya.

"Ndugu," alisema Torgils, kama anayetema mwiba wa samaki.

"Kaka," alisema Bogna.

Mkono wake mfalme hakuuachia upesi. Askofu akakohoa, ndipo akauachia. Mlangoni mtu alikitoa kile chuma kwa koleo akakitumbukiza kwenye ndoo, kikapiga kelele, mvuke ukapanda hadi darini.

Nje, Bogna alimfuata Yrsa mbio akampata penye farasi.

"Nani alikutuma?" Yrsa hakugeuka. "Nauliza, nani alikutuma?"

"Ungeungua, Mama Yrsa."

"Ningeungua mimi! Mkono ni wa nani? Unajuaje Mungu alikuwa amenipangia nini? Labda angekipoza kile chuma kikawa kama kijiko! Sasa nimekuwa mwongo nchi nzima. Nani atamwita mkunga mwongo amshikie mkewe? Niambie wewe, malkia... hata hilo jina nalo huna tena."

"Njoo twende Leirvang. Nimeomba nipewe Leirvang badala ya zawadi yangu ya ndoa. Tutakaa wawili."

"Nikae na aliyenivua nguo mbele ya askofu?" Yrsa alijifunga shali kwa nguvu. Kisha akaona kilemba cha Bogna kimekwenda upande. Akakivuta, akakikaza, akachomeka ncha chini ya sikio, kwa ukali, kama mama anayemvalisha mtoto anayemchelewesha. "Haya," alisema. "Ukavae vizito. Kule kuna upepo." Akapanda farasi, akaenda kwa binti yake.

Watu wa Leirvang hawakujua wamwite nani. Malkia hakuwa. Mjane hakuwa. Bibi wa shamba alikuwa, lakini walishamzoea kwa jina kubwa, na hilo dogo liliwakaa vibaya mdomoni. Mwishowe hawakumwita kitu. Walikohoa kwanza, akageuka, ndipo wakasema walichotaka. Alijifunza kutambua kikohozi cha kila mmoja. Asubuhi alikamua, mchana alifuma, Jumapili alisimama kanisani upande wa wanawake, na nafasi iliyoachwa kulia na kushoto kwake ingemtosha ng'ombe. Siagi yake ilikuwa nzuri. Hilo walilisema, kwa padri.

Baridi ilipoingia sawasawa, mfalme alikuja kula. Leirvang lilikuwa bado linadaiwa chakula cha mfalme kama shamba jingine lolote. Aliandaa: uji wa shayiri, samaki mkavu aliyepondwa, siagi, pombe, na kondoo wawili ambao alikuwa amewapa majina bila kutaka. Malkia Gunnvor alikuja naye, tumbo limetangulia. Safari hii mfalme hakumwacha mke nyuma. Gari lake liliwekwa mbele ya yote, lisitingishwe, na Torgils mwenyewe alimshusha kwa mikono.

"Karibuni," alisema Bogna.

"Tumekaribia, ndugu," alisema mfalme. Gunnvor, msichana mwenye madoadoa usoni, alimwangalia Bogna kwa woga wa kweli, akamshukuru kwa uji mara nyingi kuliko uji ulivyostahili. Usiku wao walilala ukumbini, na Bogna akalala kwenye nyumba ya ng'ombe, kama sheria ilivyotaka. Si pabaya, ng'ombe wana joto.

Kulipopambazuka alitoka na ndoo akamwona Torgils uani mwa kanisa, peke yake, kofia mkononi, amepiga magoti kwenye theluji. Alikuwa upande wa kusini, penye jua, wanapozikwa wanaume na wenye vyeo. Bila shaka alifikiri mtoto wa mfalme angelazwa huko. Lakini wanawake wa nchi ile huzikwa kaskazini, kwenye kivuli, na mtoto wa kike huwafuata. Mfalme alikuwa amemwinamia mzee mmoja mchoma lami, aliyekufa kwa ulevi, na midomo yake ilikuwa inachezacheza.

Bogna alisimama. Kumwita hakuweza, madirisha ya ukumbi yalikuwa yanaamka. Angeweza kumwacha tu. Mungu anajua anwani za watu wake. Lakini yule mtoto alikuwa amepata vitu vichache mno, na roho haikumpa kumkosesha na hiki.

Akaweka ndoo chini. Akachukua ufagio wa matawi ya msonobari, akazunguka hadi upande wa kaskazini, akaanza kufagia chini ya mchirizi, mahali padogo tu, hata ubao wa mlango ungepafunika. Alifagia mpaka nyasi za njano zikaonekana. Hakumtazama mfalme. Alisikia magoti yakiinuka, kisha theluji ikilia chini ya viatu vizito, inakuja, inasita kwenye pembe.

Akauegemeza ufagio ukutani akaondokea pembe ya pili. Nyuma yake alimsikia Torgils akianza kuongea, kwa sauti ndogo. Hakusimama kusikiliza, yale yalikuwa ya watu wawili. Mlangoni mwa nyumba ya ng'ombe mtu alikohoa, Bogna akageuka. Wageni, aliambiwa, wameamka, wanaulizia uji.